Soksi Nilizokuambia Usizifue

Mwanangu Bhoke,

Shikamoo. Najua umecheka hapo, maana nani amewahi kuona mama anamwamkia mwanawe shikamoo? Lakini wewe ni shangazi yangu, umenizidi miaka sita, na adabu ni adabu. Ukishaitikia, nivumilie. Kuanzia mstari unaofuata naandika kama mama yako, kwa sababu ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema nikiwa mtoto wa kaka yako.

Umekwenda Nyamisangura kuchukua gauni kwa fundi. Fundi yule haijawahi kutokea akamaliza nguo siku aliyoahidi, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimekaa kwenye kigoda kando ya zizi, nimegeuza daftari langu la baiolojia na kuanzia kurasa za nyuma ambazo hazikuandikwa. Ng'ombe mwekundu ananitazama kana kwamba anajua.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala usimwamini mtu anayetaka kukushikia begi stendi. Wifi yako amekuambia hayo tangu asubuhi, na kaka yako ameyarudia wakati wa chai kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu soksi.

Lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianza na soksi moja kwa moja nitaogopa na kuchana karatasi.

Bibi Robi alifariki ukiwa na miaka sita, wewe kitinda mimba wake. Miezi minne baadaye nikazaliwa mimi, nikapewa jina lake. Baba alinisimulia kwamba hukuwa umesema neno tangu msiba. Akanichukua nikiwa nimefungwa kwenye khanga, akaniweka mapajani mwako, akasema, "Bhoke, mama yako huyu hapa. Amerudi. Safari hii wewe ndiye utakayembeba." Ukanitazama, ukauliza, "Mbona hana meno?" Hilo ndilo lilikuwa neno lako la kwanza baada ya miezi minne.

Ukanibeba. Na tangu siku hiyo hujawahi kuniita Robi hata mara moja. Unakumbuka ulipokuja kunitembelea nikiwa kidato cha kwanza? Ulimwambia mlinzi getini, "Naomba kumwona mama yangu, anasoma hapa." Mlinzi akamwita mwenzake aje asikie. Nilitamani kujificha kwenye tangi la maji. Usiku ule, bwenini, nilifurahi hadi nikakosa usingizi.

Unanijua nilivyo. Mimi ni mtu wa kunyoosha mkono darasani baada ya mwalimu kutoka. Sikuweza kuwa mama wa kusema, kwa hiyo nilijaribu kuwa mama wa kutenda kimyakimya. Huko ndiko nilikokosea.

Ulipopata kazi kule kwenye kiwanda cha chanjo za mifugo, hakuna aliyeelewa unafanya nini. Kila mtu Turwa aliambiwa na baba kwamba dada yake "anatengeneza sindano". Mimi peke yangu nilijua ulianzia wapi. Nilikuwa na miaka kumi, wewe kumi na sita, mwaka ule ng'ombe wetu wa kulimia walipopata ugonjwa wa miguu na midomo. Wale wawili ambao baba aliwaswaga kwa miguu kutoka Serengeti, kwa wajomba zake. Walisimama pale pale penye zizi hili, mate yanawatoka kama nyuzi, kwato zimeoza, hawawezi kula wala kukanyaga. Mvua ilikuwa imenyesha na shamba linasubiri. Mnada ukafungwa. Baba akachukua jembe la mkono na sisi sote tukamfuata.

Bwana mifugo alipokuja ukamuuliza, "Chanjo yake haipo?"

"Ipo. Haijafika."

"Inatoka wapi?"

"Mbali."

"Hapa haiwezi kutengenezwa?"

Akakutazama, ukiwa na matope mpaka magotini. "Nani aitengeneze, wewe?"

Jioni ulikuja kunieleza mimi, kama mtoto anavyomweleza mama yake: "Mama, nitaitengeneza." Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa na miaka kumi, sikuona ugumu wowote.

Na ukaifikia. Sitasahau Jumapili ile ulipopiga simu ya video kutoka chumba cha kubadilishia nguo, baba akashika simu kwa mikono miwili kama sahani ya supu.

"Sasa humo ndani mnafuga nini hasa?"

"Seli, kaka. Zilitolewa kwenye figo la kinyama kidogo, jamii ya panya, miaka mingi iliyopita, na mpaka leo zinazaliana. Tunazitoa kwenye barafu, tunaziamsha, tunazilisha kwenye chupa ndogo, kisha kubwa, mpaka zinaingia kwenye tangi kubwa la chuma. Linaitwa bioreakta."

"Zinakula nini?"

"Maji yenye sukari na chumvi, na maji yanayobaki kwenye damu ya ndama. Yana rangi nzuri, kaka, ya waridi. Zikishiba na kuyachafua yanageuka njano, nami najua zinataka malisho mapya."

"Zina pembe?"

"Hazina."

"Kwato?"

"Hazina."

"Basi haziwezi kuugua miguu na midomo. Umechagua mifugo mizuri."

Ukacheka, ukamwambia, "Kaka, kijiko kimoja cha chai kina mifugo yangu mamilioni. Wewe una wangapi?"

Baba akageuka kuangalia zizi. "Wanne. Na mmoja anachechemea."

Wiki nzima alikuwa akiwasimulia wenzake kwamba katika ukoo wetu aliye na kundi kubwa kuliko wote ni mwanamke, na wala halichungi kwa fimbo. Baadaye uliniambia mimi yale ambayo hukumwambia yeye. Kwamba ndani ya tangi kuna mwiko unaozunguka mchana na usiku, ukienda taratibu mno seli zinazama na kukosa hewa, ukienda kasi mno zinachanika. Kwamba kila asubuhi unachukua tone, unalitia rangi ya bluu na kulitazama kwenye hadubini, seli iliyokufa inainywa ile rangi lakini iliyo hai inaikataa, na wewe unahesabu zinazokataa. Kwamba zikishatosha zinapelekwa sehemu nyingine, zinatiwa kirusi, kirusi kinazaliana ndani yake, na wenzako wa huko wanakiua na kukifanya chanjo. "Kwa hiyo mama, mimi ni wa mwanzo tu," ulisema. "Lakini mimi nikiharibu, hakuna wa mwisho."

Ulisema pia kwamba chumba kina baridi, na miguu yako inakufa ganzi.

Hapo ndipo mama yako akapata kazi ya kufanya.

Nilikuwa likizo ya Desemba, kidato cha sita. Nikanunua nyuzi nyeupe za sufu sokoni Bomani nikaanza kufuma soksi, pea moja. Nilifuma kwenye baraza la jikoni kwa sababu pana mwanga. Wiki hiyo hiyo mama alikuwa ameanika kimea cha ulezi kwa ajili ya togwa ya kipaimara cha binti mkubwa wa jirani. Kimea kilikuwa kwenye mkeka, nami nilikaa kwenye ukingo wa mkeka. Mabonge ya uzi niliyatia kwenye ungo uleule aliokuwa akipepetea. Vidole vyangu vilikuwa na unga unga. Nilijipangusa kwenye sketi na kuendelea.

Ulikuwa umeshaniambia kwamba kazini kwenu mtu aliyeumua unga au kugusa pombe ya kienyeji haruhusiwi kuingia siku hiyo, kwa sababu chachu haionekani na ikiingia kwenye tangi inakula chakula cha seli na kuziua. Uliniambia. Na mimi nilikuwa nimepata alama za juu kabisa darasani katika mada ya kuvu. Lakini nilikuwa nafuma soksi za mwanangu, na hilo niliona ni jambo lingine kabisa.

Nikazituma kwa basi pamoja na karatasi. Nakumbuka kila neno. Niliandika, "Usizifue kwanza. Zivae hivyohivyo, zikiwa bado na mikono yangu. Na baadaye usizifue kwa maji ya moto, zitasinyaa."

Wewe, ambaye hujawahi kunikatalia kitu, ulinitii.

Bhoke, mwanangu, unaona sasa ninakokwenda. Tafadhali usiache kusoma.

Chupa ya kwanza ikawa na ukungu. Wakaitupa. Ya pili ikaharibika. Kisha tangi zima. Uliniambia siku moja, mara moja tu, jinsi ulivyofika asubuhi ukatazama kwenye kidirisha, na maji ya waridi yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Mvuke wa moto ukaua kila kitu, na kundi lako lote likamwagwa. Walichunguza vichujio, mabomba, watu. Wewe ndiye pekee uliyekuwepo zamu zote tatu. Hawakukufukuza. Walikuambia urudi nyumbani usubiri uchunguzi, na wewe ulielewa kwamba ni maneno ya kistaarabu ya kukufukuza.

Niliporudi kutoka shule mwezi wa tano baada ya mitihani, nilikukuta umekwisha kuwa mtu mwingine. Mikono yako ilikuwa na magamba kwa kunawa. Ulikuwa hukandi chapati. Mtoto mdogo wa jirani akiletwa unaweka mikono nyuma. Na wewe, uliyemkamua huyu mwekundu tangu uzao wake wa kwanza, ulikuwa hukaribii maziwa. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Mikono yangu inachachusha, mama."

Baba akataka kukuchekesha. "Basi kamata kibuyu tupate mtindi kabla ya chakula cha mchana." Ukacheka kwa adabu, ukatoka nje, na baba akabaki ameshika kikombe chake, hajui akiweke wapi.

Wiki ya tatu nilifua nguo zako. Nilipokamua soksi ya kwanza, nilisikia harufu ambayo naijua tangu niko mgongoni mwako. Ilikuwa harufu ndogo sana, ya jikoni kwetu siku ya togwa.

Nilikaa pale kando ya beseni mpaka povu lote likaisha.

Kisha nikafanya ulivyonifundisha wewe, likizo ile tuliyootesha maharage kwenye pamba: ukitaka kujua kitu, weka pembeni kingine ambacho hukukigusa. Nilichemsha maji ya sukari, nikayaacha yapoe yamefunikwa, nikayagawa kwenye glasi mbili. Moja nikatia uzi wa soksi ya pili, ambayo sikuifua. Nyingine sikutia kitu. Nikazificha nyuma ya gunia la mahindi. Siku ya pili glasi yenye uzi ilikuwa imepiga ukungu, na vipovu vinapanda. Nyingine ilikuwa safi, ningeweza kusoma kitabu kupitia kwake. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara zote tatu majibu yalikuwa hayo hayo.

Mwanangu, sasa nakuambia kosa langu la kweli, maana la soksi nililifanya bila kujua. Nilinyamaza siku kumi na moja. Nilikuona ukinawa mikono, nikanyamaza. Nilimsikia baba akikuuliza kama ungependa kufungua kibanda cha kuuza dawa za mifugo, nikasikia ukisema "labda", nikanyamaza. Nilijiambia nina aibu, kwamba ndivyo nilivyoumbwa. Lakini aibu haikuwa ndiyo iliyonifunga mdomo. Niliogopa kwamba ukijua, hutaniita mama tena. Nilitaka kubakiza jina kwa gharama ya mikono yako.

Siku ya kumi na mbili mtoto wa jirani alianguka mbele yako pale mlangoni, akalia, akakunyooshea mikono. Nawe ukaniita mimi nije nimwinue.

Nikachukua namba ya msimamizi wako, Mama Nuru, nyuma ya daftari lako. Nikaandika kwenye karatasi maneno yote nitakayosema, nikaja hapa nyuma ya zizi. Mara ya kwanza alipopokea nilikata. Mara ya pili akaniwahi.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo. Napiga kutoka Tarime. Ni kuhusu Bhoke."

"Marahaba. Bhoke ana nini?"

"Hana kitu. Ni soksi."

"Soksi?"

Karatasi yangu haikuwa na jibu la swali hilo. Nikaikunja.

"Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Mbona una sauti ya mwanafunzi?"

"Nimemaliza mwezi wa tano."

Nilimsikia akivuta kiti. "Haya, mama. Nieleze tangu mwanzo, taratibu. Nachukua kalamu."

Hakuna mwalimu aliyewahi kuchukua kalamu kuandika maneno yangu. Nikamweleza yote: mkeka, ungo, karatasi ile, harufu, glasi. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. "Ulikuwa na glasi ya kulinganishia?"

"Ndiyo. Maji yaleyale, bila uzi."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Bhoke."

Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Kisha akasema, "Nitumie hiyo soksi. Ifunge mifuko miwili, usiiguse tena."

Kwa hiyo acha kuitafuta. Najua umeinua magodoro, umemshutumu hata mbwa. Soksi yako ilisafiri kwa basi ndani ya kopo la majani ya chai. Waliotesha uzi wake kwenye sahani zao, wakalinganisha na chachu waliyoihifadhi kutoka kwenye tangi. Ni ileile. Mama Nuru alinipigia, akaniita Mama Bhoke, akasema, "Mwanao hana kosa. Tulichunguza kila kitu isipokuwa miguu. Sasa kila anayeingia atavaa soksi za kiwanda." Halafu akauliza, "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Nikasema nitakuambia mimi.

Ndiyo maana alipokupigia wiki iliyopita alikuambia tu chanzo kimepatikana, haikuwa mikono yako, rudi ukabidhiwe tangi, mengine utaelezwa. Sisi sote tulikuwa tumekuzunguka. Baba alirusha kofia juu ya paa na mpaka leo iko huko. Lakini nilikuona usoni. Jioni ulimwambia mama, "Wananionea huruma tu, wifi." Na leo asubuhi ulifungasha nguo zako kama mtu anayekwenda kuzirudisha kwa mwenyewe.

Hawakukuonea huruma. Nimekuandikia kurasa hizi zote ili ulijue hilo kabla hujapanda basi. Ulikuza zile seli sawasawa. Ulizilisha kwa wakati, ulizipa hewa, mwiko ulizunguka kwa mwendo wake, ulizihesabu kila asubuhi na hukudanganya hesabu hata zilipoanza kupungua. Kundi lako halikufa kwa sababu ya mchungaji. Liliuawa na mapenzi ya mama yako, ambayo hayakufuliwa.

Hilo ndilo somo langu, na sina lingine. Mapenzi nayo hufuliwa kwanza. Nikikutumia kitu tena, kichemshe, hata kama nimeandika usikichemshe.

Ile soksi iliyobaki nimeichemsha mwenyewe. Imesinyaa kama nilivyosema, sasa inamtosha mtoto mchanga. Iko mfuko wa pembeni wa begi lako. Usiipeleke kazini.

Nasikia sauti yako barabarani, unambishia mtu kuhusu upindo wa gauni. Kwa hiyo fundi amemaliza kweli, na mimi lazima nimalize.

Kesho utaamka mapema kabla ya basi. Kibuyu nimekiosha na kukifukiza kwa makaa, nimekiweka mlangoni pa zizi, na barua hii nitaiweka chini yake pamoja na tochi ya baba. Mama nimemwambia asikamue. Baba nimemwambia anyamaze, na ameahidi, ingawa unamjua. Yule mwekundu hajakamuliwa na mkono wako tangu uliporudi mwezi wa pili. Maziwa ya kesho tutayanywa mabichi, sote wanne, kabla hujaondoka, na yatakuwa matamu.

Ukinisamehe au usiponisamehe, kamua. Mimi nitakuwa jikoni nimewasha moto, sitatoka kukuangalia. Nikisikia maziwa yanagonga ndani ya kibuyu nitajua umesoma mpaka hapa. Na ukiniita tupokezane, niite kwa jina lolote utakalotaka. Nitaitika.

Mama yako,
Robi